Sindano Moja, Dawa Mbili: Historia ya Antibaiotiki za Kuchoma Masasi na Newala

Katikati ya mwaka 1952 watu wa uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, walianza kuugua homa wasiyoijua. Ilikuja ghafla. Mtu ameamka mzima, jioni hawezi kunyanyuka kitandani, viungo vinauma mpaka anajikunja. Wengine walitokwa na vipele. Wenyeji wakaipa jina kwa Kimakonde kutokana na kule kujikunja kwa mgonjwa, na jina hilo leo limo kwenye vitabu vya tiba dunia nzima: chikungunya. Ndiyo, neno unalolisikia kwenye habari za Brazil na India lilitoka Newala.

Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa. W.H.R. Lumsden, wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alifuatilia namna ugonjwa ulivyosambaa, na mwenzake R.W. Ross akakipata kirusi chenyewe kwenye damu ya wagonjwa. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1955 na 1956. Kitu kimoja kinachojitokeza humo ni maji. Udongo wa uwandani ni wa kichanga, mvua ikinyesha maji yanazama, na enzi hizo kina mama walishuka mabondeni kuyafuata kisha wakapanda nayo kichwani. Yakishafika nyumbani hayamwagwi ovyo, yanatunzwa kwenye mitungi ndani ya nyumba. Na humo mitungini mbu aina ya Aedes walizaliana kwa raha zao.

Utaniuliza: makala ya antibaiotiki, mbona tumeanza na kirusi? Kwa sababu antibaiotiki haimgusi kirusi hata kidogo. Ungemchoma mgonjwa wa Newala wa mwaka 1952 penisilini ya dunia nzima, homa ingekwenda na siku zake tu. Lakini kitandani, kwa macho, homa ni homa. Ya chikungunya, ya malaria, ya bakteria walioingia kwenye damu, zote zinachemka. Hospitali za Masasi na Newala zimeishi na fumbo hilo tangu zilipoanzishwa, na historia ya sindano huko, kwa maoni yangu, ni historia ya watu waliokuwa wakijaribu kulifumbua wakiwa na vifaa pungufu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1935 daktari kijana wa Kiingereza, Leader Stirling, alifika kusini mwa Tanganyika kufanya kazi na misheni ya UMCA, akawa Lulindi, wilaya ya Masasi. Hospitali ilikuwa majengo ya udongo na nyasi. Mkariri jina lake, tutakutana naye tena baadaye akiwa na kazi kubwa zaidi.

Dawa za kuua bakteria wakati huo zilikuwa chache mno. Salfa ndiyo kwanza zilikuwa zinagunduliwa Ulaya. Ila sindano zenyewe watu walikuwa wameshazijua, na walizijua kupitia buba. Kama hujawahi kumwona mgonjwa wa buba, shukuru. Ni ugonjwa wa bakteria, ndugu wa karibu wa kaswende ingawa hauambukizwi kwa ngono, unaoleta vidonda vya kutisha kwenye ngozi na ukiachwa unakula mpaka mifupa. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Tanganyika iliutibu kwa sindano za bismathi na za aseniki. Matokeo yalionekana kwa macho: vidonda vilivyomtesa mtoto kwa miezi vinakauka ndani ya siku chache. Watu walitembea mwendo mrefu kuifuata sindano. Wengi wao, kidonda kikishafunga, hawakurudi kwa sindano zilizofuata. Unawalaumu? Mguu umepona, shamba linasubiri.

Naamini imani ya sindano tuliyo nayo mpaka leo, ile ya mtu kutoka hospitali na vidonge akalalamika kwamba "hawakunitibu, hata sindano sijachomwa", ina mizizi kwenye miaka ile ya buba. Na ilikuwa imani yenye ushahidi. Ila watu waliiona sindano, hawakuiona dawa iliyokuwa ndani yake. Hawakuona pia kilichokuwa kinaizunguka. Bomba la sindano lilikuwa la kioo, linatumika kwa mtu huyu na yule, na usalama wake ulitegemea kuchemshwa. Kuchemsha kunataka kuni na maji. Kwenye uwanda ambao ndoo ya maji ni safari ya nusu siku, fikiria maana yake.

Penisilini ilikuja baada ya vita. Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, lakini kuigeuza kuwa dawa ni kazi ya kundi la Oxford, Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley. Februari 1941 walimchoma polisi mmoja, Albert Alexander, aliyekuwa anakufa kwa maambukizi. Akaanza kupata nafuu, homa ikashuka, akaanza kula. Dawa ikaisha. Walifikia hatua ya kukusanya mkojo wake na kuitoa penisilini humo ili wamchome tena, kwa kuwa figo huitupa dawa hii nje haraka sana. Haikutosha. Bakteria waliobaki walirudi, naye akafa mwezi Machi.

Kisa hicho kinasimuliwa sana, lakini mimi navutiwa na tukio la miezi michache kabla yake. Desemba 1940, Chain na Edward Abraham walichapisha taarifa fupi kuwa wamekuta kimeng'enya ndani ya bakteria kinachoivunja penisilini. Yaani kabla dawa haijamfikia yule polisi, bakteria wengine walikuwa tayari na mkasi wa kuikata. Shika hapo, tutauhitaji mkasi huo mbele.

Kwa kuwa penisilini ya kawaida inatoka mwilini haraka, ilibidi mgonjwa achomwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Kwa hospitali ya kijijini yenye muuguzi mmoja wa zamu na taa ya chemli, hilo ni gumu. Wanakemia wakaiunganisha na prokaini ili iachiliwe polepole kutoka kwenye msuli. Baadaye zikachanganywa mbili kwenye kichupa kimoja: penisilini ya haraka kwa ajili ya kupiga sasa hivi, na ya prokaini kwa ajili ya kukaa siku nzima. Hii ndiyo PPF. (Siyo ule mfuko wa pensheni, tafadhali.) Muulize mtu yeyote wa miaka 60 na kuendelea pale Masasi mjini, atakuonyesha na sehemu alipochomwa, maana ilikuwa inauma si mchezo. Penisilini ya kukaa muda mrefu ndiyo pia iliyoliangusha buba. Kati ya 1952 na 1964 WHO na UNICEF waliendesha kampeni katika nchi 46, watu wapatao milioni 50 wakatibiwa, wengi wao kwa sindano moja tu.

PPF ilikuwa mchanganyiko, lakini wa penisilini na penisilini. Kuchanganya dawa mbili tofauti ni habari nyingine, na sababu yake ya kwanza ilitoka kwenye kifua kikuu.

Mwaka 1948 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio la streptomaisini, antibaiotiki ya kuchoma. Wagonjwa 55 walipata dawa, 52 walipumzishwa kitandani tu. Baada ya miezi 6 walikuwa wamefariki 4 upande wa dawa na 14 upande wa pili. Ushindi mkubwa. Lakini walipofuatiliwa kwa miaka 5, vifo vilikuwa 32 upande wa streptomaisini na 35 upande wa waliopumzika. Karibu sawa! Kilichotokea ni kwamba kwenye mapafu ya mgonjwa wa kifua kikuu kuna bakteria wengi mno, na miongoni mwao wamo wachache ambao kwa bahati tu ya kimaumbile dawa haiwadhuru. Dawa inawafagia wengine wote, hawa wachache wanabaki na uwanja mtupu, wanazaana. Ukitia dawa ya pili inayoua kwa njia nyingine, bakteria anayeweza kuzishinda zote mbili kwa wakati mmoja ni nadra sana kumkuta. Basi wakaiongezea streptomaisini dawa ya kunywa iitwayo PAS, na usugu ukapungua sana.

Hapa Afrika Mashariki ina sehemu yake, na nashangaa haifundishwi sana mashuleni. Majaribio makubwa ya mchanganyiko wa dawa za kifua kikuu yalifanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Lile lililoanza mwaka 1970 lilionyesha kwamba tiba ya miezi 6, yenye streptomaisini, isoniazidi na rifampisini, inaweza kufanya kazi iliyokuwa inachukua miezi 18. Kisha mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, kwa ushauri wa daktari Karel Styblo, na mfumo uliojengwa hapa, wa dawa mchanganyiko na mgonjwa kufuatiliwa mpaka amalize, ndio WHO iliouchukua baadaye na kuutangaza kwa dunia nzima. Waziri wa Afya wa Tanzania mwaka huo alikuwa nani? Leader Stirling, yule wa hospitali ya nyasi ya Lulindi. Alishika wizara kuanzia 1975 hadi 1980.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa kifua kikuu aliyerudiwa na ugonjwa alichomwa streptomaisini kila siku kwa miezi miwili. Baadhi yao wakatoka wamepona kifua, masikio yanavuma au hayasikii. Dawa za jamii hiyo zinaharibu vinyweleo vya sikio la ndani, na vikiharibika havioti tena. Hivyo mchanganyiko ulikuwa na bei yake, na bei hiyo ililipwa na mtu mmojammoja.

Baada ya mafanikio hayo ungetarajia madaktari waseme: basi, tuchanganye kila kitu. Wapo waliosema. Jibu walilipata mapema, mwaka 1951, kutoka kwa Mark Lepper na Harry Dowling wa Marekani. Walikuwa wanatibu homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na pneumokokasi. Waliopewa penisilini peke yake, chini ya theluthi moja walikufa. Waliopewa penisilini pamoja na dawa ya jamii ya tetrasaikilini walikufa asilimia 79. Dawa mbili nzuri, ukiziweka pamoja zinaua mgonjwa kuliko moja.

Sababu yake ukiielewa, utaelewa nusu ya elimu hii. Penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Bakteria anayekua anahitaji kujenga ukuta kila mara, na akijenga ukuta mbovu anapasuka. Tetrasaikilini yenyewe haiui, inamsimamisha bakteria asikue. Asiyekua hajengi, na asiyejenga penisilini haina cha kumvurugia. Unamtuma mmoja avunje nyumba wakati inajengwa, halafu unamtuma mwingine asimamishe ujenzi.

Sasa chukua mchanganyiko mwingine, ampisilini na jentamaisini, ambao ndio uti wa mgongo wa tiba ya maambukizi makali kwa watoto wachanga katika hospitali zetu, Mkomaindo ya Masasi na ya wilaya ya Newala zikiwemo. Ampisilini ni ya jamii ya penisilini, inabomoa ukuta. Jentamaisini, iliyotangazwa mwaka 1963, inafanya kazi ndani ya bakteria, kwenye mtambo wake wa kutengeneza protini, lakini kwa baadhi ya bakteria kupenya ukuta ni shida. Ampisilini inamfungulia mlango. Zaidi ya hapo zinagawana maadui: ya kwanza inawakabili streptokokasi wa kundi B na listeria, ya pili inawakabili kina E. koli na klebsiela. Mtoto mchanga hawezi kukwambia anaumwa wapi, na anaweza kufa ndani ya saa chache, kwa hiyo unaanza na zote mbili bila kungoja majibu ya maabara. Hapo kila dawa ina kazi yake inayoelezeka. Ni hivyohivyo kwa seftriaksoni na dripu ya metronidazo ambayo mtu yeyote aliyelaza ndugu kwa utumbo uliotoboka ameiona ikining'inia: moja kwa bakteria wanaohitaji hewa, nyingine kwa wale wasioihitaji wanaoishi tumboni.

Nataka tukae kidogo kwenye chumba cha sindano, kwa sababu hapo ndipo mchanganyiko mzuri huharibika. Jentamaisini na ampisilini zinasaidiana ndani ya mwili, lakini ukizivuta pamoja kwenye bomba moja la sindano, au ukazitia kwenye chupa moja ya dripu, zinashikana kikemia na jentamaisini inapoteza nguvu. Mgonjwa anaandikiwa kwenye faili kuwa kapata dawa mbili, kumbe kapata moja na nusu. Zinatakiwa kuchomwa mbalimbali. Seftriaksoni nayo ina ugomvi na kalsiamu. Dripu ya Ringer's lactate ina kalsiamu, na zikikutana zinaweza kufanya chembechembe ngumu. Kwa watoto wachanga hilo lilisababisha vifo, na mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo. Mtoto mchanga mwenye manjano pia hapewi seftriaksoni, kwa kuwa inaweza kuusukuma uleule uchafu wa manjano uelekee kwenye ubongo.

Somo la watoto wachanga lilikuwa limeshatolewa kwa uchungu huko nyuma. Kloramfeniko ilionekana dawa ya ajabu: inatibu taifodi, inatibu homa ya uti wa mgongo, tena ni rahisi. Mwaka 1959 madaktari wa Marekani walieleza kwa nini vichanga waliopewa dozi kubwa walikuwa wanageuka rangi ya kijivu na kufa: ini la kichanga halijakomaa, halijui kuivunja dawa hiyo. Kumbe kichanga siyo mtu mzima aliyepunguzwa kilo.

Halafu kuna saa. Wauguzi watanielewa. Ampisilini na kristapeni zinaua kadiri muda zinaokaa kwenye damu unavyokuwa mrefu, ndiyo maana zinaandikwa kila baada ya saa 6 au zaidi kidogo, na dozi ya saa nane usiku ikirukwa bakteria wanapata mapumziko. Jentamaisini ni kinyume chake. Inaua kwa kishindo, dozi moja kubwa kwa siku, kisha lazima damu ipumzike nayo ili figo na masikio vipone na sumu yake. Ukiigawa kila baada ya saa 8 kwa kudhani unaongeza nguvu, unaongeza sumu. Dawa mbili kwenye mchanganyiko mmoja, ratiba mbili tofauti. Mtu mwenye figo dhaifu ratiba hubadilika tena.

Mengine unayajua au ungepaswa kuyajua kama mgonjwa. Ukiwahi kuvimba uso au kubanwa kifua baada ya penisilini, sema kabla hujakunja mkono wa shati, na useme kila mara. Na sehemu inayochoma sindano iwe na adrenalini karibu. PPF na benzathini ni za msuli tu, zikiingia kwenye mshipa wa damu ni hatari kubwa. Mtoto akichomwa takoni mahali pasipo sahihi, mshipa wa fahamu unaopita hapo unaweza kujeruhiwa akaburuza mguu maisha yake yote. Na bomba la sindano litoke kwenye pakiti yake ukiwa unaangalia. Siku hizi yapo yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja, jambo ambalo Lulindi ya bomba la kioo na sufuria wasingeliota.

Sasa ule mkasi wa mwaka 1940. Bakteria waliendelea kuunoa. Miaka ya 1970 kampuni ya Beecham ya Uingereza ilikuta asidi ya klavulaniki, ambayo yenyewe haiui bakteria kwa maana, ila inaukaba mkasi. Iweke pamoja na amoksisilini, amoksisilini inapita salama. Huu ndio mchanganyiko wa aina ya tatu: dawa na mlinzi wake. Sulbaktamu na tazobaktamu ni walinzi wa namna hiyohiyo. Lakini mlinzi hufaa pale tu mkasi uliopo ni wa aina anayoweza kuukaba, na dozi zimepimwa ziendane. Sokoni zipo bidhaa nyingi ambazo mtengenezaji ameunganisha majina mawili kwa sababu mawili huuzika kuliko moja. WHO ina orodha ya michanganyiko isiyoipendekeza, na ampisilini na kloksasilini kwa pamoja imo. Ndiyo, ile tunayoiita Ampiclox. Kama kidonda kina stafilokokasi, kloksasilini inatakiwa kwa dozi yake kamili, na ampisilini pembeni yake inakatwa na mkasi bila msaada wowote. Kama hakina, kloksasilini iko hapo kufanya nini? Nusu kwa nusu kwenye kapsuli moja, na hakuna anayejua analenga nini.

Hasara ya kulenga ovyo ilipimwa Muhimbili. Mwaka 2001 na 2002 Bjørn Blomberg na wenzake wa Tanzania na Norway waliwafuatilia watoto waliolazwa na homa. Wale waliokuwa na bakteria wa gramu-hasi kwenye damu walikufa asilimia 43.5. Wenye malaria, ugonjwa tunaouogopa kuliko yote, asilimia 20.2. Na mtoto aliyepewa antibaiotiki ambayo bakteria wake alikuwa sugu kwayo alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Hiyo ni zaidi ya miaka 20 iliyopita. Tangu hapo seftriaksoni imekuwa dawa ya kukimbiliwa kwenye wodi nyingi, na bakteria wenye mkasi wa kuikata wameongezeka.

Lakini usikimbilie kusema tatizo ni kutumia antibaiotiki kupita kiasi, basi. Hugh Reyburn na wenzake walipima wagonjwa 4,474 waliolazwa kaskazini mashariki mwa Tanzania wakitibiwa malaria kali. Wenye vimelea vya malaria kweli walikuwa asilimia 46.1 tu. Vifo kwa waliokuwa na malaria: asilimia 6.9. Kwa wasiokuwa nayo: asilimia 12.1. Yaani waliokufa zaidi ni wale waliokuwa wanatibiwa ugonjwa wasiokuwa nao, na ndani yao wamo ambao sindano ya antibaiotiki ingewafaa. Kosa lina pande mbili, na upande huu haupigiwi kelele.

Mwaka 2013 John Crump na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 870 wa homa waliolazwa Moshi. Malaria iliandikwa kwa zaidi ya asilimia 60 yao, ikathibitika kwa asilimia 1.6. Bakteria kwenye damu, karibu asilimia 10. Na miongoni mwa waliopimwa virusi vya mbu, asilimia 7.9 walikuwa na kirusi kimoja: chikungunya. Miaka zaidi ya 50 baadaye, upande wa pili wa nchi, homa ya Newala ilikuwa bado inajificha ndani ya mafaili ya malaria.

Newala yenyewe nayo ilichunguzwa, kwa suala jingine. Kati ya 2010 na 2013, Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake waliendesha mpango wa "Mtunze Mtoto Mchanga" katika wilaya sita za Mtwara na Lindi, Newala na Tandahimba zikiwemo. Watu wa kujitolea wa kijijini waliwatembelea wajawazito na wazazi nyumbani, wakazungumza juu ya usafi, kunyonyesha, kumpa mtoto joto. Mambo mengi ya nyumbani yaliboreka. Vifo vya vichanga havikuonekana kupungua kuliko kwenye maeneo yasiyokuwa na mpango. Naona hilo halishangazi. Kichanga ambaye bakteria wameshaingia kwenye damu yake anahitaji dawa mbili ndani ya saa chache, na wema wa jirani hauna dawa hizo.

Kwenye kifua kikuu, sindano imeondoka. Mgonjwa wa kawaida anameza vidonge vyenye dawa nne ndani ya kila kimoja, na kuanzia 2018 WHO ilianza kuziondoa dawa za kuchoma hata kwa kifua kikuu sugu, kwa sababu ya yale masikio. Mchanganyiko ulibaki, kilichoondoka ni sindano. Kwa kichanga bado haijawezekana, ila imepunguzwa. Majaribio yaliyofanyika Kongo, Kenya na Nigeria yaliangalia vichanga wenye dalili za maambukizi ambao familia zao hazikuweza kwenda hospitali, na mwaka 2015 WHO ikatoa mwongozo kwa hali hiyo: mtoto asiyekuwa mahututi anaweza kutibiwa zahanati, jentamaisini sindano moja kwa siku, na badala ya ampisilini ya kuchoma kila mara, amoksisilini ya kunywa mara mbili kwa siku, kwa siku 7. Aliye mahututi bado ni wa hospitali, tena haraka.

Amoksisilini hiyo ni kidonge kinachoyeyuka. Mama anakiweka kwenye kijiko na kukiyeyusha kwa maziwa yake mwenyewe aliyoyakamua. Maji ya mtungini hayahitajiki.